Je, Wajua? Maharage Huvuka Mpaka wa Uha Yakienda, na Mengine Yakija

Je, wajua kuwa huko Uha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, kwenye mpaka wa Tanzania na Burundi, kuna maharage yanayokwenda na kuna maharage yanayokuja, na kwamba jambo kama hilo liliwaumiza vichwa wachumi wakubwa wa dunia kwa miaka mingi?

Tangu David Ricardo alipochapisha kitabu chake mwaka 1817, wanafunzi wa uchumi wamefundishwa kuwa kila nchi huuza kile inachokizalisha kwa nafuu na kununua kile kinachoigharimu zaidi. Ureno ipeleke mvinyo, Uingereza ipeleke nguo. Kwa hesabu hiyo, Muha wa Kasulu na Mrundi wa Makamba wasingekuwa na cha kuuziana. Miinuko yao ni ileile, mvua zao zinakaribiana, wote wanalima maharage, mahindi, mihogo na ndizi, na Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba watu hupatana bei bila mkalimani. Hata hivyo wanauziana, tena wanauziana kitu kilekile.

Hali hiyo wachumi wanaiita biashara ya ndani ya sekta moja. Maana yake ni nchi mbili kuuziana bidhaa za kundi moja, kila nchi ikiwa muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja. Vitabu vingi hutoa mfano wa Ujerumani na Ufaransa kuuziana magari. Mimi naona Kibondo na Kasulu zinafundisha zaidi, kwa sababu huko sababu za biashara hii zinaonekana kwa macho, na udhaifu wa vipimo vyake nao unaonekana.

Je, wajua kuwa kipimo cha biashara hiyo kinaweza kupigiwa hesabu nyuma ya daftari la mchuuzi?

Mwaka 1960 P. J. Verdoorn alichunguza biashara ya Ubelgiji, Uholanzi na Luxemburg baada ya nchi hizo kuungana kiforodha. Mwaka 1966 Bela Balassa akafanya uchunguzi kama huo katika Soko la Pamoja la Ulaya. Ilitarajiwa kuwa ushuru ukiondoka, kila nchi itashika fani yake na kuziachia nchi nyingine fani zilizobaki. Badala yake nchi hizo zilizidi kuuziana bidhaa zinazofanana. Ndipo Herbert Grubel na Peter Lloyd, wakianzia na takwimu za Australia, wakatoa makala ya kuipima biashara hiyo mwaka 1971 na kitabu kizima mwaka 1975. Tangu hapo kipimo kinaitwa kwa majina yao.

Hesabu ni hii. Chukua thamani ya mauzo, utoe thamani ya manunuzi, wala usijali jibu likiwa hasi. Gawanya kwa jumla ya mauzo na manunuzi. Kisha chukua 1, utoe jibu ulilopata. Tuseme Tanzania imeiuzia Burundi maharage ya shilingi milioni 600 na kununua kutoka huko maharage ya shilingi milioni 400. Tofauti ni milioni 200, jumla ni milioni 1,000, mgawanyo ni 0.2, na kipimo kinasoma 0.8. Kama Tanzania ingeuza tu bila kununua, kipimo kingesoma 0. Kama mauzo na manunuzi yangelingana, kingesoma 1.

Chumvi ya Uvinza, kusini mwa Kasulu, ni mfano mzuri wa sifuri. Kwa karne nyingi maji ya chemchemi zake yalichemshwa na chumvi ikasafirishwa hadi Uha, Urundi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hakuna aliyewaletea Wavinza chumvi. Hiyo ndiyo biashara aliyoieleza Ricardo, na wala haihitaji nadharia mpya. Maharage ndiyo yanayohitaji.

Je, wajua kuwa ukubwa wa kapu unaweza kubadilisha jibu kutoka sifuri hadi moja?

Tuseme mwaka mmoja Kibondo inapeleka Burundi mahindi ya shilingi milioni 10 na inapokea maharage ya shilingi milioni 10. Afisa takwimu akiyaweka yote katika kapu moja la "mazao ya chakula", kipimo kitasoma 1, na atatangaza kuwa nchi hizi zinauziana vitu vya aina moja tupu. Mwenzake akitenganisha mahindi na maharage, atapata 0 kwa kila zao. Mpaka ni uleule na magunia ni yaleyale. Wachumi waliwakosoa Grubel na Lloyd kwa jambo hili tangu kitabu chao kilipotoka, na hadi leo mtu akikuletea kipimo hiki, swali la kwanza la kumwuliza ni upana wa kapu alilotumia.

Makapu ya leo yanatoka Shirika la Forodha Duniani. Mfumo wake wa misimbo ya bidhaa ulianza kutumika Januari 1, 1988, na una makundi zaidi ya 5,000 yenye tarakimu sita. Maharage ya kawaida yako kwenye msimbo 0713.33. Humo ndani maharage ya njano, Lyamungu 90, Jesca na maharage mchanganyiko ya mkulima wa kijijini yote ni kitu kimoja. Mama ntilie wa Kasulu hawezi kukubali kwamba hayo ni maharage ya aina moja: moja huiva upesi, jingine hutoa mchuzi mzito, jingine mteja halitaki kabisa. Kwa forodha hakuna tofauti. Bia nayo iko hivyo hivyo. Primus inayotengenezwa na kiwanda cha Brarudi cha Burundi na Safari ya Tanzania zinaingia katika msimbo mmoja, 2203.00.

Upande wa pili, kuna mahali misimbo inatenganisha kitu ambacho shamba halikitenganishi. Ujerumani haina shamba hata moja la kahawa la kibiashara, lakini ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani, kwa sababu hununua kahawa mbichi, huikaanga au kuiondolea kafeini, kisha huiuza tena. Ukitumia tarakimu nne, 0901, kahawa ya Ujerumani inaonekana ikiingia na kutoka kwa wingi, na kipimo kinapanda. Ukishuka hadi tarakimu sita, kahawa mbichi inakaa 0901.11 na iliyokaangwa inakaa 0901.21, na sehemu kubwa ya "ndani ya sekta moja" inayeyuka. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi au Manyovu anaifahamu tofauti hiyo kwa njia ya bei anayolipwa.

Na hata amri ya serikali inaweza kuhamisha zao kutoka kapu moja hadi jingine. Juni 2017, Tanzania ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaelekeza wafanyabiashara wasage kwanza na kuuza unga. Mahindi ni 1005, unga wake ni 1102. Mwenye kusoma takwimu bila kuijua amri hiyo angedhani wakulima wa Tanzania wamegeuka wasagaji kwa hiari yao.

Je, wajua kuwa zamani biashara hii ya Waha na Warundi haikuwa ya kimataifa hata kidogo?

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Uha na Urundi zote zilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Watawala wa Uha walikuwa na mipaka yao, na hongo walitoza kweli: mwanahabari Stanley alilalamika sana alipopita huko Novemba 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Lakini gunia la maharage lililotoka Kasulu kwenda ng'ambo halikuwa mauzo ya nje. Wabelgiji waliiteka sehemu hiyo mwaka 1916. Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana namna ya kugawana: Ruanda na Urundi zikabaki kwa Ubelgiji, na Kigoma pamoja na Uha zikakabidhiwa Uingereza Machi 1921. Tangu siku hiyo, jirani kumwuzia jirani kukawa jambo la forodha. Kipimo cha Grubel na Lloyd hakioni watu wala mazao. Kinaona mstari tu. Ukichora mstari katikati ya watu wanaolima zao moja, umezalisha biashara ya ndani ya sekta moja kwa kalamu.

Sasa tuingie kwenye sababu, maana hapa ndipo Uha inapong'ara.

Grubel na Lloyd wenyewe walisema kuwa hata bidhaa zisizotofautiana kabisa zinaweza kuvuka mpaka pande zote mbili, na wakataja njia kadhaa. Ya kwanza ni umbali. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Kibondo haina reli kabisa. Mfanyabiashara wa Mabamba, mpakani mwa Kibondo, anayetafuta maharage hawezi kuyafuata Mbeya au Arusha wakati Burundi iko pale pale mbele yake. Wakati huohuo maharage ya Tanzania yanavuka kwenda Makamba kupitia Manyovu. Nchi ni kubwa. Inaweza kununua upande mmoja wa mpaka na kuuza upande mwingine siku hiyohiyo, na kila mtu akawa amefanya jambo la busara. Ndivyo ilivyo pia Namanga, Holili na Sirari, ambako mahindi ya Tanzania yanaingia Kenya.

Njia ya pili ni msimu. Burundi huhesabu misimu mitatu ya kilimo kwa herufi: A inayoanza Septemba, B inayoanza Februari, na C ya kiangazi, inayolimwa mabondeni kwenye maji. Katika miinuko ya Uha, yenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Wiki chache za tofauti kati ya mavuno ya huku na ya kule zinatosha kugeuza bei, na bei ikigeuka, baiskeli zinazobeba magunia zinageuka. Jambo moja la kuangalia hapa: ukipima biashara kwa mwaka mzima, maharage yaliyokwenda baada ya mavuno ya Kibondo na yaliyokuja baada ya mavuno ya mabondeni yanajumlishwa, na kipimo kinakuwa kikubwa. Ukipima mwezi kwa mwezi, kila mwezi una upande wake, na kipimo kinashuka. Majibu yote mawili ni ya kweli. La mwaka linakuambia juu ya mazao, la mwezi linakuambia juu ya njaa, na anayepanga akiba ya chakula anahitaji lile la pili.

Njia ya tatu ni kupitisha bidhaa za wengine. Vitenge vinavyouzwa Kigoma na kupakiwa kwenye mabegi ya wasafiri wanaorudi Dar es Salaam vingi vimepitia Kongo au Burundi, na baadhi yake vilitengenezwa mbali zaidi. Shehena nyingine inashuka bandarini Dar es Salaam, inavuka nchi nzima na kuingia Burundi. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, mzigo unaopita tu hautakiwi kuhesabiwa kama mauzo ya nchi uliyopitia, lakini karatasi zikichanganyika, Tanzania inaonekana imeuza kitu ambacho haikukitengeneza.

Je, wajua kuwa mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 alieleza pia kwa nini watu wanapenda kuchagua?

Mwaka 1979 na 1980, Paul Krugman alionyesha kuwa nchi mbili zinazofanana kwa kila kitu bado zitauziana, kwa sababu kiwanda kinachotengeneza aina moja kwa wingi kinapunguza gharama, na mlaji anafurahia kupata aina nyingi. Kila nchi hutengeneza aina chache kwa wingi, kisha hubadilishana. Mwaka 1983 James Brander na Krugman wakaongeza kwamba hata bidhaa moja isiyo na tofauti yoyote inaweza kuvuka pande zote mbili, pale kampuni mbili kubwa zinapoingiliana masoko.

Afrika Mashariki ina kisa cha bia kinachoonyesha jinsi biashara ya namna hiyo inavyoweza pia kuzimwa. Kiwanda cha Castle, cha kundi la Afrika Kusini lililokuwa pia na Tanzania Breweries, kilikuwa kimejengwa Thika ili kupambana na Kenya Breweries nyumbani kwake, na Kibo Breweries ya Moshi, ya kundi la Kenya, ikapambana na Tanzania Breweries. Mwaka 2002 pande hizo zilibadilishana hisa za asilimia 20, viwanda vya Thika na Moshi vikafungwa, na kila upande ukaanza kutengeneza chapa za mwenzake kwa leseni. Chapa za pande mbili zilibaki mezani, lakini ushindani wa kweli ulikwisha.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. Wachumi hutaka kujua kama bidhaa zinazobadilishana ni za ubora mmoja au zinapishana ubora. David Greenaway, Robert Hine na Chris Milner, katika miaka ya 1990, walitumia njia ya bei kwa kilo: bei ya mauzo ikiwa ndani ya asilimia 15 ya bei ya manunuzi, bidhaa zinahesabiwa kuwa za ubora mmoja, ikivuka hapo, zinahesabiwa kuwa za ubora tofauti. Njia hiyo inafaa kwa magari na friji. Sasa ipeleke kwenye gunia la lumbesa. Tuseme gunia limeandikwa kilo 100 lakini limeshindiliwa na kushonewa kilemba hadi kilo 120, na limeuzwa shilingi 240,000. Kwa karatasi, bei ni shilingi 2,400 kwa kilo. Kwa mizani, ni shilingi 2,000. Kama maharage yanayokuja kutoka upande wa pili yamepimwa sawasawa kwa shilingi 2,000, karatasi inaonyesha tofauti ya asilimia 20, na maharage ya kawaida ya Kasulu yanatangazwa kuwa ya daraja la juu. Mkulima ameibiwa kilo 20, na juu yake takwimu zinamsifu kwa ubora. Wakala wa Vipimo unapopiga marufuku lumbesa, unamlinda mkulima na pia unalinda hesabu za taifa.

Wakimbizi nao wana mahali pao katika habari hii. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye ikapokea Warundi. Kambi nyingine, Nduta, iko Kibondo. Mrundi wa Nduta akimwuzia Mtanzania wa Kibondo debe la maharage, hiyo ni biashara ya ndani ya nchi, kwa kuwa hakuna mpaka uliovukwa. Chakula cha msaada kikiingia kutoka nje ya nchi, kinahesabiwa kama bidhaa iliyoagizwa, ingawa hakuna aliyekilipia sokoni.

Je, wajua kuwa sehemu kubwa ya biashara hii haipo katika kitabu chochote?

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kuingia katika umoja wake wa forodha mwaka 2009. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa na kupita bila ushuru wa forodha. Ni utaratibu mzuri. Lakini mwenye baiskeli na madebe manne hana sababu ya kutembea hadi kituo cha forodha wakati soko la ujirani mwema liko jirani na njia ya mkato inapita nyuma ya shamba lake. Mzigo wake haumo katika takwimu za Tanzania wala za Burundi. Hata mizigo iliyoandikwa hailingani ukilinganisha vitabu vya nchi hizo mbili, kwa sababu muuzaji huandika thamani ya mzigo ukiwa mpakani kwake, na mnunuzi huongeza usafiri na bima.

Uganda ilichukua hatua. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Ofisi ya Takwimu ya Uganda pamoja na Benki Kuu ya nchi hiyo huwaweka wahesabuji kwenye vituo vya mpakani, nao huandika kwa macho kila kinachopita: kichwani, kwenye baiskeli, kwenye toroli. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa takwimu za biashara wa mwaka 2010 nao unazitaka nchi ziingize biashara ya namna hii pale inapokuwa kubwa. Mabamba na Manyovu zinastahili hesabu hiyo, na ingefaa ifanywe katika misimu yote, maana kipimo cha mwezi mmoja kitaonyesha upande mmoja tu.

Kwa nini nishikilie hivi? Kwa sababu biashara ya aina hii haimvunji mkulima. Nchi zinapofungua milango na kuuziana vitu tofauti kabisa, baadhi ya watu hulazimika kuacha kazi waliyoizoea. Zinapouziana vitu vya sekta moja, mlima maharage hubaki mlima maharage. Anabadilisha mbegu au mwezi wa kupanda, basi. Wachumi wamelijadili jambo hili tangu Balassa, na Marius Brülhart mwaka 1994 akatoa kipimo kinachoangalia mabadiliko ya biashara, si kiwango chake tu, ili kuona kama nyongeza mpya inatoka pande zote mbili. Zuio la kuuza nje, kama lile la mahindi la mwaka 2011 na la 2017, linakata upande mmoja wa biashara hiyo. Mkulima wa Kakonko anakosa soko wakati wa mavuno, na miezi michache baadaye huyohuyo, sasa akiwa mlaji, anahitaji baiskeli kutoka ng'ambo ije imejaa.

Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, pamoja na kipande cha kilomita 45 cha Rumonge–Gitaza upande wa Burundi, katika mradi mmoja. Lami inapunguza nauli ya gunia linalokwenda na ya lile linalokuja. Kwa hiyo katika miinuko hii mtu asishangae akikuta lori lililopeleka maharage Makamba likirudi na maharage.